Mwenyekiti Dirishani

Chama chetu cha akiba na mikopo kina wanachama 412, wengi wao walimu, karibu nusu yao wastaafu. Ofisi ni chumba kimoja mjini Tanga, na humo mimi ndiye karani, mpiga chapa, mpokea simu na mtunza ufunguo wa choo.

Masharti ya chama yanataka kila mwanachama apelekewe taarifa ya mkutano mkuu kwa maandishi, siku 21 kabla. Miaka yote tulituma ujumbe wa simu, tukabandika na tangazo mlangoni, tukajiona tumemaliza. Mpaka mwaka ule mzee mmoja wa Lushoto aliposimama ukumbini, kitabu cha masharti mkononi, akauliza kwa upole kabisa: hilo tangazo la mlango wa Tanga, yeye aliyeko milimani angelisoma kwa darubini gani? Kamati nzima ikatazama viatu vyake. Ikapitishwa palepale: mwakani ni barua, kwa posta, kwa kila mtu.

Kazi ikaniangukia mimi, na nilifurahi nayo, sikatai. Nilikwenda kununua bahasha zenye dirisha, zile za benki, ambazo anwani huandikwa kwenye barua yenyewe na kuonekana kwa nje kupitia kile kiplastiki. Niliona chama kimepanda cheo. Hakuna kuandika bahasha 412 kwa mkono, hakuna lebo za kubandua. Kompyuta inachukua orodha kutoka Excel, inamwaga kila jina kwenye barua yake, mimi nakunja tu.

Orodha ndiyo iliyonikondesha. Kwetu barua haiji nyumbani. Inakwenda kwenye sanduku, na sanduku ni la mwenye ufunguo. Kwa hiyo wanachama wangu walikuwa wamesambaa kwenye masanduku ya shule, ya parokia, ya duka la shemeji. Kuna mwalimu aliyeandika “kupitia kwa Mwalimu Mkuu” wa shule aliyoiacha zamani, na Mwalimu Mkuu mwenyewe ameshastaafu naye ni mwanachama, naye anwani yake ni kupitia kwa huyo wa kwanza. Mwingine kwenye nafasi ya anwani alijaza neno moja: “Najulikana.” Nilikaa na simu wiki mbili nikiwasaka mmoja mmoja.

Baada ya hapo nikashika rula. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, ukiikunja sehemu tatu kwa mtindo wa herufi Z unapata kipande cha milimita 99. Bahasha yenyewe ina kimo cha milimita 110. Dirisha lina kimo cha milimita 35. Nikapiga hesabu, nikachapa barua moja ya mfano, nikaikunja, nikaitia: jina, sanduku, mji, vyote katikati ya dirisha kama picha kwenye fremu. Uzito nao nikaupima kwa kichwa: karatasi ya gramu 80 inakatwa vipande 16 vya A4 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kila kipande ni gramu 5. Karatasi mbili, gramu 10; ukiongeza bahasha, bado niko chini ya gramu 20 niliyoambiwa kaunta nisivuke. Nilijisikia mhandisi.

Alasiri ya siku ile ile ya kuchapa, Mwenyekiti akaja na flashi.

“Kijana wangu, humu kuna picha. Iweke juu ya barua. Wanachama wamwone kiongozi wao.”

Muda wake wa uongozi ulikuwa unaisha na mkutano huo ndio ungekuwa wa uchaguzi, lakini hilo mimi sikuulizwa. Picha ilikuwa ya suti, siku ya harusi ya binti yake, ua kifuani, uso umenyanyuka kidogo kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Nikaiweka chini ya jina la chama, nikaandika chini yake “Mwenyekiti” kwa herufi nzito. Kwenye kioo cha kompyuta barua ilipendeza kweli. Picha ilipoingia, maneno yote yakashuka kidogo kuipisha. Yakashuka na anwani. Sikupima tena. Nilikuwa nimeshapima jana.

Usiku tukakusanyika: mimi, mlinzi, wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wanafanya mafunzo kwetu, na Mama Mweka Hazina aliyekuja na chapati na chupa ya chai. Stempu tulishabandika mchana, bahasha zikiwa bado tupu. Ilikuwa masika, na unyevu wa Tanga hauna adabu: bahasha kama 40 zilikuwa zimejifunga zenyewe ndani ya boksi, gundi imelowa kwa hewa tu. Mlinzi alikaa kuzibandua kwa kisu cha mkate, taratibu, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Barua ya mwisho ilikuwa imetoka tu kwenye printa umeme ulipokatika. Tukawasha tochi za simu, tukashukuru Mungu kwamba uchapaji umeisha, tukaendelea.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo sikulijua mpaka usiku huo, au niseme mpaka asubuhi yake. Bahasha unaitia barua ukiitazama mgongo. Mdomo wake uko nyuma, gundi iko nyuma, kwa hiyo uso wake, pamoja na lile dirisha, unalala mezani muda wote. Mmoja akakunja, mmoja akatia, mmoja akapitisha sponji yenye maji, mmoja akabana na kupanga. Bahasha 412 zikapita mikononi mwetu na hakuna aliyeziona usoni.

Karibu na saa sita mwanafunzi mmoja alisimama ghafla. “Kaka, humu kuna mtu ananitazama.”

Nikamwambia amechoka, ale chapati.

Asubuhi niko posta na boksi mbili, nimezifunga mafungu kwa mji: Lushoto, Korogwe, Handeni, Pangani, Muheza, na Tanga yenyewe. Ndiyo kwanza siku ya 21 kabla ya mkutano. Yaani leo ndiyo leo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Tuone.” Mama wa kaunta akavuta fungu la kwanza, akaliinua, akalitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaligeuza upande wangu. “Huyu baba ndiye anayeandikiwa, au ndiye anayetangazwa?”

Kwenye kila dirisha alikuwepo Mwenyekiti. Amechungulia kuanzia kwenye nyusi hadi kwenye ua la kifuani, na chini yake neno “Mwenyekiti”, mwisho. Kama mzee aliyesimama dirishani kwake jioni akiangalia nani anapita bila kumwamkia. Fungu zima. Boksi zima.

“Anwani iko ndani, mama. Iko palepale, chini kidogo.”

“Mimi nasoma kilichoko nje.”

Alikuwa na haki. Lakini naye ni mtu wa kazi yake, akachukua bahasha moja, akaigeuza kichwa chini, akaigonga kaunta mara mbili, tok, tok. Karatasi ikateleza. Mwenyekiti akapanda, akabaki kidevu na tai, na jina la mwanachama likajitokeza pamoja na sanduku lake, likiwa limepinduka miguu juu. Akaisimamisha bahasha wima. Jina likazama, Mwenyekiti akarudi.

Zile milimita 11, tofauti ya 99 na 110, ndizo zilizokuwa zinanicheka. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kucheza humo ndani.

Kufungua haikuwezekana, maana ningeichana bahasha yenye stempu tayari, na pesa ya stempu nyingine chama hakina. Kurudi kesho pia haikuwezekana. Nilimwona yule mzee wa Lushoto akihesabu siku kwa vidole.

“Andika anwani kwa mkono, juu ya bahasha,” mama akasema. “Kaa pale kwenye benchi. Kaunta nitaifunga saa kumi.”

Nikaita wale wanafunzi wawili. Nikaongeza kijana anayeng'arisha viatu nje ya posta, aliyesema hati yake ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Utaratibu ukawa hivi: pindua, gonga, laza polepole bila kuisimamisha, nakili, weka pembeni. Tok, tok. Benchi zima la posta liligeuka karakana. Watu waliokuja kuchukua vifurushi vyao walisimama kutazama, na bibi mmoja aliuliza kama tunapiga ramli. Saa saba nikakagua kazi ya kijana wa viatu. Bahasha 20 zimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: “Mwenyekiti.” Basi.

“Si ndivyo imeandikwa, bro?” akasema. “Mimi nimenakili.”

Hakugonga hata moja. Tukazirudia.

Ilipofika saa kumi kasoro dakika chache tulikuwa tumemaliza 351. Fungu moja tu lilibaki, la Muheza, barua 61. Mama alikuwa ameshashika ufunguo. Ndipo nilipopata lile wazo ambalo mpaka leo Mama Mweka Hazina akilikumbuka anakohoa chai. Niliziweka zote 61 kichwa chini, nikazigonga kwa pamoja, majina yote yakatoka, nikazifunga rababendi nne, kwa nguvu, mpaka karatasi zisiweze kucheza. Nikazinyanyua. Majina yamebaki palepale.

Mama akaninyooshea midomo. “Hivi zilivyofungwa, sawa,” akasema, akazipokea.

Na mimi nikaenda kulala. Sikujiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza: zikifika Muheza, nani atagawa barua bila kufungua rababendi?

Siku ya tatu simu ikalia. Mwenyekiti. Huyu mzee ni mwalimu wa zamani. Hawezi kuanza maneno bila kukuuliza habari za nyumbani, za kazi, na za mvua. Siku hiyo alianza moja kwa moja.

“Kijana, nimekwenda posta kufungua sanduku langu. Nimenikuta humo.”

“Umemkuta nani, mzee?”

“Mimi. Mimi wengi. Sanduku limejaa, waliosalia wameniwekea kaunta.”

Nilisahau kuwaambia kwamba Mwenyekiti anaishi Muheza. Alifundisha huko maisha yake yote, na nadhani nusu ya watu wa mji ule alishawahi kuwachapa fimbo. Rababendi zilipokatwa, barua zikasimamishwa, majina yakazama, akabaki yeye na cheo chake chini ya kidevu. Mpangaji wa barua alitazama sura, akasoma “Mwenyekiti”, akaona kazi imerahisishwa. Kwa kweli ukiniuliza mimi, ndiyo barua zilizofika haraka kuliko zote.

“Nimefungua tatu,” akaendelea. “Ya kwanza nikaona imeandikwa jina la Bi. fulani. Nikasema wamekosea. Ya pili hali kadhalika. Ya tatu...” Akanyamaza. “Ya tatu ni ya mwalimu mwenzangu yule.”

Mwalimu mwenzake yule, kwa faida yako msomaji, alikuwa ndiye mshindani wake katika uchaguzi. Kwa hiyo Mwenyekiti alikuwa ameketi kwake, na mkononi ana barua ya mpinzani wake, ya mwaliko wa mkutano wa uchaguzi, imefunguliwa, na iko ndani ya bahasha yenye picha yake mwenyewe. Sikuona jinsi ya kumfariji.

Alichofanya ni kukodi bodaboda. Kwa siku nne akazunguka Muheza yote kugawa barua hizo kwa mkono, nyumba kwa nyumba, akianza na ya mpinzani wake. Nasikia yule mzee alisimama kizingitini, akaitazama bahasha, akamtazama aliyeileta, akarudia bahasha. “Karibu ndani,” akasema. “Nyote wawili.”

Barua nyingine zilikwenda vizuri zaidi. Kila mahali alikaribishwa maji, akaulizwa habari za mikopo, akaeleza, akaaga. Mwenyewe alisema hakufanya kampeni hata neno moja, na ninamwamini, maana hakuwa na haja.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika kuliko mwaka wowote. Mpinzani akasimama kulalamika: barua za chama zimegeuzwa mabango ya mgombea. Makofi yakapigwa upande mmoja wa ukumbi. Macho yote yakamwendea mzee wa Lushoto, aliyekuwa amekaa mbele na kitabu chake. Akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, sisi tumetulia kama mahakamani. Mimi mikono ilikuwa na jasho.

“Masharti yanataka taarifa kwa maandishi, siku 21 kabla,” akasema hatimaye. “Mimi yangu nimeipata. Muhuri wa posta ni wa siku ya 21.” Akaitoa mfukoni, akaigonga gotini kuhakikisha. “Kuhusu sura, humu hakuna kifungu.”

Mwenyekiti alipita kwa kura nyingi, na nyingi zaidi zilitoka Muheza. Siku iliyofuata alikuja ofisini akiwa amevaa suti ile ile, akakaa, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi na za mvua, kisha akanipa flashi.

“Mwakani tusiwe wabinafsi,” akasema. “Weka picha ya kamati nzima.”

Kamati ina watu tisa. Nikafungua droo, nikatoa rula.