Katanga imekatwa vinne, jina kabaki nalo nani?

Dereva wa Dar aliyeganda kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ukimuuliza kapakia wapi atakwambia Kolwezi, au atasema Kongo tu yaishe. Lualaba hasemi. Na ndo jina la jimbo tangu 2015 Katanga, lile jimbo la kusini-mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, ilipokatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika (hilo la mwisho sisi tuliliweka kabatini 1964, wenzetu ng'ambo wamelitundika, sawa tu, ziwa letu sote). Mpaka leo wapo wanaolia kwamba jina lao limeuawa.

Nawaelewa. Katiba ya 2006 ndo ilitaja majimbo 25 na Kinshasa, ila ikakaa weee, ikaja kukumbukwa gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, alipokuwa ameshavimba kisiasa, kwahiyo mtu akisema panga lilimlenga yeye siwezi kumbishia sana. Na jina lenyewe lishasumbuliwa, Mobutu alishaligeuza Shaba, Kiswahili kabisa hicho, likarudi 1997.

Ila watu wa kaskazini mbona hawaulizwi? Hiyo Katanga ya Tshombe, yenye bendera ya misalaba mitatu ya shaba, wao waliikataa. Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo Julai 1960, Waluba wa kaskazini wakiwa na kiongozi wao Jason Sendwe waligoma, wakachomewa vijiji. Mtu wa Kalemie anaamka anaangalia ziwa, mzigo wake unatoka Kigoma na boti, Lubumbashi, makao makuu ya Katanga ya zamani, kwake ni safari ya kuaga nyumbani. Mwambie amepoteza Katanga, atakuuliza ilimpa nini.

Halafu cheki majina mapya, Lualaba mto, Lomami mto, Tanganyika ziwa. Maji hayana kabila, ndo maana wagawaji wakiogopa ugomvi wanakimbilia huko. Neno Katanga kaachiwa mmoja tu, yule mwenye Lubumbashi, na kwa watu wa kaskazini hiyo wala si habari mpya.

Kinachoninyima raha mimi ni ile asilimia 40. Katiba inasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwake. Zamani shaba ya Kolwezi, angalau kwenye makaratasi, ilikuwa ya mtu wa Kamina pia. Leo Kolwezi iko Lualaba na kobalti yake, Kamina iko Haut-Lomami na stesheni ya treni. Sasa 40 ya kobalti na 40 ya ushuru wa mahindi utazilinganishaje? Tanganyika angalau ina Manono na lithiamu yake, Kamina wanashika nini? Na hata hiyo 40 yenyewe Kinshasa haijawahi kuiachia kama ilivyoandikwa.

Kwahiyo wanaolilia jina naona wengi wanalilia hela, na hela wana haki nayo. Katiba hiyohiyo imeweka mfuko wa kusawazisha majimbo, asilimia 10 ya mapato ya taifa, huo ndo ningeupigia kelele ningekuwa mtu wa Kamina, Katanga ningewaachia Lubumbashi wabaki nayo.