Kombe la Futsal la Waarabu lipewe kalenda

Misri walilitwaa Kombe la Futsal (soka ya ukumbini, watano kwa watano) la nchi za Kiarabu 1998 na 2005, Libya wakalichukua 2007 na 2008, kisha mashindano yakalala hadi 2021. Yaliporudi, Morocco wakalibeba mara tatu mfululizo: Cairo 2021, Dammam 2022, Jeddah 2023. Wengi husema ni vipaji. Vipaji wanavyo, lakini naona kinachowatenga na wengine ni mazoea. Hicham Dguig anawafundisha tangu 2010, na kwenye Kombe la Dunia la futsal la 2021 na la 2024 walifika robo fainali, mara zote mbili wakitolewa na Brazil.

Angalia hesabu ya rafu. Katika kila kipindi cha dakika 20, rafu tano za kwanza timu inaruhusiwa kupanga ukuta. Kuanzia ya sita ukuta haupo: mpira unapigwa kutoka alama ya mita 10, au karibu zaidi kama rafu imetokea huko, na mbele yupo kipa peke yake. Timu iliyokusanywa wiki chache kabla ya safari hujaza rafu mapema, kwa sababu walinzi hawajazoea kupokezana mtu. Washambuliaji wakibadilishana nafasi, mlinzi anachelewa hatua moja, anavuta jezi. Rafu ya tano ikishaingia, kila mtu anaogopa kukaba.

Kipa wa kupanda ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Timu iliyo nyuma inamtoa kipa na kuingiza mchezaji wa ndani aliyevaa jezi ya kipa, washambulie watano dhidi ya wanne. Mpira unazungushwa kwa kasi mpaka mlinzi mmoja avutwe nje, ndipo pasi iende nguzo ya mbali. Pasi laini ya kukatiza katikati ikinaswa, goli tupu la mita 3 kwa 2 linafungwa hata kutoka mbali. Tena huyo wa tano akiwa nusu ya uwanja ya timu yake hakai na mpira zaidi ya sekunde 4, na akishautoa harudishiwi huko mpaka mpinzani auguse. Lazima avuke mstari wa kati kwanza. Wasiozoeana humrudishia, filimbi inalia, shambulizi limekufa.

Haya hayajengwi kambini tu, yanataka mechi. Ndiyo maana naiomba UAFA, muungano wa vyama vya soka vya nchi za Kiarabu, ilipange kombe kila baada ya miaka miwili, kila timu ihakikishiwe mechi tatu, na tarehe itangazwe mwaka mzima kabla. Wanachama kama Somalia, Djibouti na Comoro wanauhitaji muda huo kuliko wote: kutafuta ukumbi wa mita 40 kwa 20, na kupata mipira namba 4 ya futsal, ambayo ikidondoshwa kutoka mita 2 hudunda sentimita 50 hadi 65 tu. Mchezaji aliyejifua kwa mpira wa kawaida unaoruka juu huchelewa kuukanyaga kwa unyayo, na hapo ndipo unapoibwa.