Gari Lililopauka: Kabla ya Kumwita Fundi wa Rangi

Mwenye gari jijini Nairobi ambaye boneti yake imepauka hupewa ushauri wa aina moja na karibu kila anayemuuliza: lipeleke likapakwe rangi upya. Fundi wa Kirinyaga Road atamwambia hivyo, jirani wa maegesho atamwambia hivyo, na dalali atakayemsaidia kuliuza ataongeza kwamba gari lililofifia hushusha bei. Njia ya pili, yaani kuisugua rangi iliyopo kwa dawa na mashine hadi uso uliochoka uondoke na ule mzima ulio chini yake ujitokeze, hutajwa kwa dharau, kama ujanja wa waosha magari wa kupaka mafuta yanayong'aa na kutoweka mvua ya kwanza inaponyesha. Dharau hiyo ina sababu zake, na nitazifikia. Hata hivyo, imewafanya wengi walipie kazi kubwa ambayo magari yao hayakuihitaji, na baya zaidi, imewafanya wakwangue kitu ambacho hakuna gereji inayoweza kukirudisha.

Kitu chenyewe ni rangi ya kiwandani. Bodi ya gari, ikiwa bado tupu, huzamishwa katika dawa ya kuzuia kutu ambayo huvutwa kwa umeme hadi kwenye kila kona ya bati, kisha hupata praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, kisha vanishi angavu ya juu. Tabaka zote hizo kwa pamoja huwa na unene wa takriban maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake, ambayo ndiyo inayobeba mng'ao wote na kinga dhidi ya jua, huwa na maikroni 40 au 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele. Huokwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi.

Hiyo 140 ndiyo tarakimu ambayo ningetamani kila mwenye gari aitafakari kabla ya kulipa amana. Gari likishaunganishwa huwa na viti, nyaya, raba za milango, taa za plastiki na tangi la mafuta, na hakuna awezaye kuliingiza katika joto hilo bila kuliharibu. Ndiyo maana rangi za gereji hutengenezwa kwa kemia tofauti: huchanganywa na dawa ya kugandisha ili zikauke katika joto la nyuzi 60 hivi, ndani ya chumba cha kupulizia ambacho hewa yake imechujwa. Vyumba vya aina hiyo vipo Nairobi, na kazi inayotoka humo inaweza kudumu miaka mingi. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mji huu hufanyika uani, chini ya mabati, kati ya gari linalochomelewa na jingine linalopigwa msasa, na tanuri ni jua la mchana. Mwezi wa Julai, wingu linapokaa juu ya jiji kutwa nzima, hata jua hilo halipo. Vumbi hutua kwenye vanishi mbichi, unyevu hunaswa chini yake, na gari hukabidhiwa likiwa linameremeta kwa sababu kila rangi mbichi humeremeta. Miezi michache baadaye rangi inapoendelea kukauka na kunywea, mistari ya msasa huanza kuonekana chini ya vanishi, hasa pale palipojazwa puti, ule uji mzito wa kusawazishia mabonyeo ya bati.

Simlaumu fundi. Wapo mafundi wa Kariobangi wanaoweza kuoanisha rangi ya fedha kwa macho tu, huku wakifanya kazi bila barakoa inayofaa mbele ya dawa za kugandisha ambazo huharibu mapafu. Hoja yangu ni kwamba tunawaomba washindane na tanuri.

Swali la kwanza basi lisiwe bei, bali ni tabaka gani hasa lililoharibika. Osha boneti, uimwagie maji, kisha itazame ikiwa imelowa. Ikiwa rangi inarejea kuwa nzito na kufifia tena maji yakikauka, yaelekea ugonjwa uko juujuu. Ikiwa kuna mabaka meupe yenye kingo unazozihisi kwa ukucha, kama ngozi inayobambuka, vanishi imekufa, na hapo hakuna dawa ya kusugua itakayosaidia. Jaribu pia kusugua mahali padogo kwa kitambaa chenye polishi kidogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, una rangi ya tabaka moja isiyo na vanishi, kama ilivyo kwa magari mengi ya zamani na baadhi ya magari meupe ya kazi. Hayo hugeuka kama yaliyopakwa chaki, na wengi hudhani yamekwisha, kumbe ndiyo yanayofufuka vizuri kuliko yote.

Tena kinachoitwa kupauka mara nyingi si kazi ya jua. Simama kando ya gari jeusi saa sita mchana na utazame mahali jua linapojiakisi: utaona mistari midogo ya mviringo, maelfu, iliyochorwa na kitambaa kilekile kilichofuta magari kumi kabla ya lako, kikachovywa katika ndoo ileile yenye mchanga. Mistari hiyo imo ndani ya vanishi kwa kina cha maikroni chache tu, na mashine iliyo mikononi mwa mtu mwenye subira huiondoa. Kupaka gari zima upya kwa sababu yake ni kuvunja nyumba ili kubadilisha pazia.

Jua nalo lina sehemu yake, na baridi ya Nairobi hutudanganya. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Paa, boneti na buti huipokea wima, ilhali milango huipokea kwa mshazari. Ndiyo sababu gari hilohilo huwa na paa linalobambuka na milango ambayo haina tatizo lolote, jambo ambalo fundi anayekadiria bei ya gari zima halitaji.

Wanaoidharau njia ya kusugua wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni hesabu: usuguaji mkali huondoa maikroni kadhaa, na mwenye gari anayeurudia kila mwaka anajimalizia vanishi mwenyewe, hasa kwenye kingo za paneli ambako huwa nyembamba zaidi. Rangi haifufuliwi mara nyingi. Hufufuliwa mara moja au mbili, kisha hulindwa kwa nta na kitambaa safi. Ya pili ni ulaghai. Kuna wanaojaza mikwaruzo kwa mafuta ya silikoni na kuiita kazi imekamilika. Huyo hukamatwa kirahisi: kabla hujalipa, mwambie apanguse sehemu ndogo kwa spiriti mbele yako. Mikwaruzo ikirudi, umeuziwa mafuta.

Yapo pia magari ambayo ni ya kupakwa tu: lenye kutu chini ya rangi, lililokwaruzwa hadi bati, au ambalo vanishi yake imekwisha pande zote. Lakini mwenye kupaka gari zima ili aliuze ajue atakutana na nani. Mnunuzi wa Nairobi hupitisha kidole kwenye raba za madirisha akitafuta chembe za rangi, huweka sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye mlango aone kama itashika au kama kuna puti, kisha huuliza gari liligongwa wapi. Rangi ya kiwandani iliyofifia kidogo haimlazimu muuzaji kujibu swali hilo. Na aliyeamua kubadilisha rangi kabisa anapaswa kuiarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa kuwa rangi ya gari imeandikwa kwenye logbuku.

Kati ya njia hizi mbili kuna ya tatu, ambayo kwa magari mengi niliyoyatazama ndiyo inayofaa: paka paa na boneti, sugua vilivyobaki. Sisitiza taa na raba zifunguliwe badala ya kufunikwa kwa magazeti na utepe, na fundi achanganye rangi kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha kiwandani cha gari, kisha aijaribu kwenye kipande cha bati kabla ya kuipulizia. Akisema boneti haiwezi kupakwa peke yake kwa sababu haitaoana na fenda, muulize kama anaweza kuififisha rangi mpya kidogokidogo kuelekea kwenye fenda ili mpaka usionekane na kumalizia kwa vanishi juu ya zote. Wanaoijua kazi hufanya hivyo, nawe utalipia fenda mbili za ziada, si milango minne, buti na bampa.