Pamba ya kiboko, kahawa ya hiari

Ukoloni ukitajwa Tanzania, kuna watu wawili hawakosi kubishana. Mmoja atasema Mjerumani na Mwingereza wametuachia kahawa, reli na fedha mkononi. Mwenzake atajibu kwamba tulikuwa tunajitosheleza, wakaja kutuvuruga. Wote wawili wana ushahidi, ila kila mmoja ameuokota mahali pake.

Tuanze Umatumbi, bara ya Kilwa. Huko watu walilima nafaka, na ukanda mzima ulipeleka pwani ufuta, sandarusi na mpira wa msituni. Biashara waliijua kabla hawajamjua Mjerumani, kwa hiyo hoja kwamba ukoloni ndio uliowaingiza sokoni haina mashiko. Kilichokuja kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, ni shamba la pamba la pamoja kwenye eneo la kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji. Kanuni ilisema siku 28 za kazi kwa mwaka. Akida, msimamizi aliyewekwa na Mjerumani juu ya majumbe, na kiboko chake walikuwa na hesabu yao. Mapato yaligawanywa kati ya wakulima, jumbe na utawala, na fungu la mkulima lilikuwa dogo kiasi kwamba wengine walikataa kulipokea. Wakati huohuo mashamba yao wenyewe yalikuwa yanawasubiri, na kodi ya rupia 3 ilikuwa palepale. Julai 1905, wakulima wa Nandete, huko Umatumbi, waking'oa mipamba, walikuwa wanang'oa ratiba ya mtu mwingine. Vita vya Maji Maji vikaanza. Jeshi la Wajerumani likachoma ghala na mashamba, njaa ikamaliza kazi. Wanahistoria hawaafikiani kuhusu idadi ya waliokufa: wapo wanaotaja 75,000, wapo wanaofika 300,000.

Sasa panda Kilimanjaro. Mbuni uliletwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, lakini Wachaga waliupanda ndani ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chini ya migomba, kwa samadi ya ng'ombe wa ndani na maji ya mifongo, yaani mifereji waliyoichimba wazee wao. Aliyepanda alipanda kwa hesabu yake, na bei ikianguka bado ana ndizi. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 ikafuata KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Shule nyingi za mlimani zimejengwa na fedha hiyo.

Je, hiyo ni sifa ya ukoloni? Kwa sehemu, ndiyo. Charles Dundas, mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwatia moyo wakulima, na hilo haliondoki. Lakini walowezi wa mlima huohuo walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa. Walisema ataeneza magonjwa ya mibuni. Hofu kubwa ilikuwa nani atawachumia yao. Tena utawala wa kikoloni ulikuwa umegawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, Wachaga wakabanwa juu, vihamba vikazidi kukatwa vipande kila kizazi. Na fedha ya kahawa iliingia mfukoni mwa baba. Mama alibaki na ndizi zake za sokoni (jambo ambalo wanaoisifu kahawa hulipita haraka).

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walowezi walipata walichokitaka. Mkikuyu wa Kiambu alichuma kahawa ya mzungu kwa ujira huku akizuiwa kuipanda kwake. Miaka ya 1930 majaribio madogo yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu; mlango haukufunguliwa hasa hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kilimo cha Waafrika, wakati uasi wa Mau Mau umeshawaka.

Zao lenyewe, basi, halielezi mengi. Kahawa iliyomjenga Mchaga ndiyo iliyomfanya Mkikuyu kibarua. Mimi naangalia nani aliamua nini kilimwe, lini, na nani ashike fedha. Hata Uchagani, utawala ulipolazimisha kahawa yote iuzwe kupitia KNCU, wakulima waliandamana mwaka 1937, ghala zikavamiwa. Na tabia hiyo ya kuamuliwa haikuondoka na bendera ya Mwingereza: mwaka 1976 serikali ya Tanzania huru ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, KNCU ikiwamo, na kahawa ikakabidhiwa mamlaka ya serikali.