Kanisa la zamani lisivunjwe, wala lisifunikwe kwa saruji

Parokia nyingi kongwe za Kikatoliki za Nyanda za Juu Kusini siku hizi zina kamati ya ujenzi, na karibu kila kamati inakutana na swali lilelile: lile kanisa la wamisionari tulifanyeje? Waumini wameongezeka, Jumapili watu wanasalia nje chini ya miti, mabati yanavuja, popo wamejaa darini. Kinachopendekezwa haraka ni kulivunja tujenge kubwa, au kulipiga plasta, kuweka marumaru na dari ya jipsamu ili lipendeze. Nayapinga yote mawili.

Makanisa haya yana historia nzito. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, wamonaki kutoka Ujerumani, waliingia Uheheni na kuanza misioni ya Tosamaganga miaka ya mwisho ya 1890, Mkwawa akiwa bado anawapiga Wajerumani kwa kuvizia baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka mwaka 1894. Vita Kuu ya Kwanza ikawang'oa wamisionari Wajerumani. Mwaka 1919 wakaja Wakonsolata, Waitaliano, shirika ambalo Giuseppe Allamano alilianzisha Turin mwaka 1901. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu Oktoba 2024. Iringa ikawa Prefektura ya Kitume, yaani eneo la kimisioni ambalo bado si jimbo, mwaka 1922, na jimbo mwaka 1953. Ndiyo maana parokia moja inaweza kuwa imeanzwa na Wajerumani, ikakuzwa na Waitaliano, na leo inaongozwa na paroko Mtanzania.

Nikisikia mtu anasema "hilo ni jengo la Wazungu, tujenge letu", roho inaniuma. Padri alichora na kusimamia. Waliokanyaga udongo, waliofyatua tofali, waliopasua mbao kwa msumeno wa kuvutana na kubeba mawe ya msingi ni Wahehe, Wabena, Wakinga. Ukipitisha mkono kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa la kwetu, pale ambapo haukuwahi kupakwa kitu, utakuta tofali lenye alama za vidole vinne vya mtu aliyelinyanyua likiwa bado bichi. Yule mtu hakuandikwa popote. Saini yake ni hiyo.

Tena walijenga kwa akili. Msingi ni wa mawe, umeinuliwa ili maji ya masika yasiguse tofali. Kuta ni nene kupita urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kwa hiyo Juni na Julai, baridi ya Iringa inapokata mifupa, ndani kuna uvuguvugu. Madirisha ya tao yako juu, mwanga unashuka juu ya vichwa vya watu badala ya kuwapiga machoni. Kenchi ni za mbao ngumu. Kwaya ikiimba kutoka roshani ya nyuma, sauti inafika altareni bila spika. Ukiweka dari ya jipsamu, hiyo sauti unaiua siku hiyohiyo.

Sasa hili la saruji, ambalo ndilo linaloharibu zaidi na wengi hawalijui. Tofali zile za kuchoma ni laini na zimeunganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo unavuta unyevu kutoka chini, kisha unautoa nje polepole. Ukiufunika kwa plasta ya saruji, unyevu unakosa njia. Kwa mwaka wa kwanza ukuta unang'aa na kila mtu anapongeza. Baadaye, kiasi cha magoti hadi kiunoni, rangi inaanza kutoa malengelenge, kisha unga mweupe wa chumvi. Gonga kwa kifundo cha kidole, utasikia pana uwazi. Bandua kipande, na tofali nyuma yake linamomonyoka mkononi. Fundi atakwambia tofali za zamani zilikuwa mbovu. Hapana, tumeziozesha sisi. Dawa ni plasta ya chokaa na mchanga, kimoja kwa vitatu, na mtaro mzuri wa kupeleka maji mbali na ukuta. Chokaa ipo madukani.

Wapo wanaosema Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulitaka ya zamani yaondolewe. Sivyo. Hati ya Liturujia ya Desemba 4, 1963 ilifungua mlango wa Misa kwa lugha zetu, na baada yake padri akageuka kuwatazama waumini. Lakini hati hiyohiyo inawaagiza maaskofu wahakikishe vyombo vitakatifu na kazi za thamani haviuzwi wala kutawanywa. Kanuni ya 1216 ya Sheria ya Kanisa nayo inataka ushauri wa wataalamu wakati wa kujenga na kukarabati makanisa. Je, kamati ngapi zimewahi kumwita mtaalamu kabla ya kung'oa altare ya mbao iliyochongwa na kuweka ya marumaru?

Tusitegemee pia serikali itatuzuia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Makanisa yetu yamezaliwa baada ya hapo, hivyo bila kutangazwa rasmi hayana kinga. Mlinzi wake ni halmashauri ya walei na michango ya jumuiya ndogondogo.

Hitaji la nafasi ni la kweli, silibishi. Ila ardhi ya misioni kwa kawaida ni kubwa, na kanisa jipya si lazima lisimame juu ya kaburi la lile la zamani. Jengeni pembeni. La zamani libaki la Misa za asubuhi, kuabudu Ekaristi, ndoa ndogo, mafundisho ya watoto. Boma la Wajerumani pale Iringa mjini lilikarabatiwa likawa makumbusho, na watu wanaingia.

Kwa kamati itakayokaa mwezi huu, ombi langu ni dogo: kabla ya kupigia kura bajeti, pimeni jengo, lipigeni picha pande zote, waiteni wazee waliobatizwa humo waseme nani alifyatua tofali, na muandike majina hayo kwenye daftari la parokia. Kisha mjaribu chokaa kwenye ukuta mmoja tu, ule wa sakristia, chumba anamovalia padri, mngoje masika ipite ndipo mwamue.