Usiniulize Kama Dae-su Anakumbuka

Binamu yangu ana kauli moja tu kuhusu filamu ya Oldboy na mhusika wake mkuu: Dae-su anakumbuka. Ukimwomba ushahidi atakwambia, "Mtazame mdomo." Basi, kwake kesi imekwisha. Mdogo wake naye anashikilia kwamba mzee kasahau kila kitu, na ile sura inayokunjika mwishoni ni baridi na kidonda cha ulimi tu. Idi iliyopita walibishana mpaka pilau ikapoa sahanini. Mimi nimekaa kati yao kama refa asiye na filimbi, na kila wakianza nazidi kuamini kwamba wote wawili wanapigania swali ambalo filamu yenyewe ilishatuonya tusiliulize.

Kama hujaitazama, ishia hapa. Nitaanika siri yote, na hii ni filamu ambayo utamu wake wa mara ya kwanza haurudi tena.

Kwa waliobaki: hii ni kazi ya Park Chan-wook wa Korea Kusini, ya mwaka 2003, iliyochotwa kwa kiasi fulani kwenye katuni za Kijapani za Garon Tsuchiya na Nobuaki Minegishi. Mwaka 2004 ilichukua tuzo ya Grand Prix kule kwenye tamasha la filamu la Cannes, na aliyeongoza jopo la majaji alikuwa Quentin Tarantino, mtu ambaye kisasi na damu havimtishi. Watu wengi wanaikumbuka kwa vitu viwili: ile vita ya koridoni ambako mtu mmoja mwenye nyundo anakabili kundi zima bila picha kukatwa, na yule pweza anayeliwa angali anajinyonganyonga. Sisi wa pwani tumemzoea pweza aliyepondwa, akachemshwa na kutiwa pilipili, kwa hiyo pale nyumbani kwetu hata waliokuwa wakisinzia waliamka.

Kisa kwa ufupi. Mwaka 1988 Oh Dae-su, mlevi mwenye mdomo mrefu, anatekwa usiku wa siku ya kuzaliwa ya binti yake mdogo. Anafungiwa kwenye chumba kinachofanana na cha hoteli, ana televisheni, na chakula ni mandu za kukaanga kila siku, ndugu wa mbali wa sambusa zetu. Hakuna anayemwambia kosa lake. Mkewe anauawa, na yeye ndiye anayeangushiwa lawama. Baada ya miaka 15 anaachiwa, vivi hivi, bila maelezo. Anakutana na Mi-do, msichana mpishi, wanapendana, wanalala pamoja. Adui yake, tajiri aitwaye Lee Woo-jin, anampa siku tano agundue sababu. Akigundua, Woo-jin atajiua.

Sababu inapatikana shuleni. Walisoma pamoja. Dae-su alimwona Woo-jin na dada yake, Soo-ah, wakifanya lisilofanywa baina ya maharimu, akamsimulia rafiki yake, kisha akahamia Seoul na kuendelea na maisha. Neno likatembea. Likakua. Soo-ah akaanza kuamini kwamba ana mimba, na siku moja akajitupa bwawani.

Halafu pigo la pili, lile linalomfanya mtu asimamishe filamu akanywe maji: Mi-do ndiye yule binti wa mwaka 1988. Wote wawili walilazwa akili kwa hipnosisi ili wakutane na wapendane.

Katikati ya haya Woo-jin anamkaripia Dae-su kwamba siku zote ameuliza swali lisilo sahihi. Haikufaa kuuliza kwa nini nilikufunga. Uliza kwa nini nilikuachia. Jibu linatisha kwa wepesi wake. Ile miaka 15 haikuwa adhabu, ilikuwa ni kungoja mtoto akue.

Na sisi watazamaji, tukishafika mwisho, tunarudi kulekule. Dae-su amejikata ulimi kwa mkasi, amelia kama mbwa miguuni pa adui, amemwomba asimwambie Mi-do. Woo-jin amekufa. Tunaonyeshwa theluji, viti viwili, na yule mama mtaalamu wa hipnosisi. Anamwambia kwamba ndani yake kuna watu wawili, mmoja anayeijua siri na mmoja asiyeijua. Anayeijua, yule zimwi, atageuka na kuondoka, na kila hatua atakayopiga atazeeka mwaka mmoja, hadi akifika miaka 70 afe. Kisha Mi-do anamkuta theluji imemzunguka, anamkumbatia, anamwambia anampenda. Dae-su anatabasamu. Tabasamu linageuka kitu kingine. Mwisho.

Anakumbuka, hakumbuki? Ndiyo hapo pilau inapopoa.

Kwangu, mlango wa kuingilia ule mwisho ni wa nyuma kidogo. Dae-su anamwuliza Woo-jin kama kumbukumbu za shuleni aliondolewa kwa hipnosisi. Woo-jin anamjibu hapana. Ulisahau tu. Ulisahau kwa sababu halikuwa jambo lako.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ile ya nyundo. Hakuna dawa, hakuna uchawi, hakuna mtaalamu. Mtu alitupa neno, likaua, na yeye akalala usingizi wake. Wazee wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyejikwaa dole angalau anajua kwamba amejikwaa. Dae-su hata hakuchechemea. Nani kati yetu hajawahi kusimulia jambo la watu barazani, au kulisambaza kwenye simu, kisha akauliza kuna chai?

Kwa hiyo kosa la mtu huyu lina sehemu mbili: alisema, na alisahau. Sehemu ya kwanza ameilipia kwa mkasi, mbele ya macho yetu, damu zulia zima. Ya pili je? Hapo ndipo ninapokataa kumwonea huruma kama wengi wanavyomwonea. Anamwandikia barua yule mama na kumwomba, kati ya yote duniani, asahau tena. Aliyemuumiza mtu kwa kusahau anatafuta nafuu yake kwenye kusahau. Safari hii kwa hiari, tena kwa kumbembeleza mtaalamu.

Na tazama anachoomba kiondolewe. Angeweza kuomba lile penzi lifutwe. Kama hipnosisi iliweza kulipanda, bila shaka ingeweza angalau kujaribu kuling'oa. Angeweza kubaki na siri yake, akamtazama Mi-do kwa mbali kama baba. Hapana. Anataka siri iondoke na Mi-do abaki.

Kabla hajaingia kwenye lifti, Woo-jin anamwachia Dae-su swali la mwisho: mimi na dada yangu tulipendana tukijua kila kitu, je, ninyi mtaweza? Watu wengi huliona kama kebehi ya kuagia. Naliona kama mtihani, na theluji yote ile ni karatasi ya majibu. Dae-su anajibu: kwa kujua hatutaweza, kwa kutojua tutaweza. Sasa rudi kwenye tabasamu. Kama hipnosisi imefanya kazi, Woo-jin ameshinda, kwa sababu baba atalala na bintiye na kuamka akipiga miayo ya raha. Kama haikufanya kazi, na mzee anakumbuka na bado anatabasamu, Woo-jin ameshinda mara mbili, kwa sababu sasa amemtengeneza Woo-jin wa pili. Binamu yangu na mdogo wake wanapigania njia mbili zinazoishia uwanja uleule.

Kuhusu huyo Woo-jin, nina neno. Kuna watu wanamchukulia kama shetani aliyekamilika, na ni kweli mwigizaji Yoo Ji-tae kampa utulivu wa kutisha, nywele mahali pake, suti mahali pake. Ila mimi simwamini anapojieleza. Anasema ulimi wa Dae-su ndio uliompa dada yake mimba. Maneno mazito, na kwa kiasi fulani ya kweli, maana mimba ile ilikuwa ya uvumi. Lakini pale bwawani, Soo-ah akining'inia, mkono uliomshika ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Woo-jin. Na uliomwachia? Dada ndiye aliyemwomba amwachie, sawa. Bado vidole vilivyofunguka vilikuwa vyake.

Huwezi kutumia miaka 15, fedha zote hizo, gereza la kukodi na ujana wako wote kwa ajili ya uvumi wa shule. Hiyo ni gharama ya mtu anayehitaji muuaji mwingine apatikane, kwa gharama yoyote, kabla kioo hakijamwuliza. Waswahili wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Woo-jin alijichoma, akatafuta mtu wa kumwambia pole, akamfunga. Ndiyo maana anapomaliza hana furaha hata ya sekunde moja. Ndani ya lifti bwawa linarudi, mkono wa dada umo mkononi mwake, unateleza, halafu risasi. Kisasi kilikuwa ukuta kati yake na ule mkono, na ukuta ulipokwisha kazi ukaanguka.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia kwamba filamu kama hii ingepita mikononi mwa watafsiri wetu wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea sinema, enzi za akina Lufufu, au DJ Afro kule Kenya, utata usingekuwepo. Ni kweli kabisa, na nimecheka kulifikiria. Mtafsiri wa kibandani hana muda wa kukaa kimya. Mzee angekunja uso tu, tungeshaambiwa, "Hapa jamaa anakumbuka yote lakini anajikausha!" Nawapenda sana hao watu, ndio waliotufundisha wengi wetu kutazama sinema. Walitufundisha pia kwamba kila sura ina maelezo, na kwamba anayejua ni yule mwenye maiki. Park Chan-wook amefanya kinyume: shahidi pekee wa mwisho wa hadithi hii amemkata ulimi. Hata akitaka kutuambia, hawezi. (Najua, anaweza kuandika, si alimwandikia barua yule mama? Lakini Mi-do hajui kwamba kuna la kuuliza.)

Marekani walijaribu kulitatua. Mwaka 2013 Spike Lee alitoa toleo lake, akiwa na Josh Brolin, na akafunga kila dirisha. Baba akishajua, anamwandikia msichana barua ya kwaheri na kurudi mwenyewe kufungiwa kwenye kile chumba. Hakuna theluji, hakuna zimwi linalotembea. Kama sinema ni chapati ya jana. Nilimaliza kwa sababu nilishaanza. Lakini sitaki kuwa mnafiki, kwa sababu kuna kitu kile chakula kilichopoa kimekipata na kile cha moto kimekikosa. Yule baba anayeigizwa na Brolin anaondoka. Anabeba siri yake bila kuisahau na anamwacha msichana awe huru naye. Dae-su wetu, ambaye tumemlilia, hakuweza hilo.

Na hapa ndipo nilipofika baada ya Idi zote hizi. Mi-do ni nani katika mabishano yetu? Woo-jin aliamua ajue nini. Kisha Dae-su akaamua, akiwa magotini, kwamba asijue. Lile sanduku alilowekewa ili alifungue, likimsubiri na siri yote ndani, halikufunguliwa kwa amri ya simu ya wanaume wawili. Tunashukuru, tunashusha pumzi, tunasema afadhali. Afadhali kwa nani? Yeye ndiye aliyelazwa akili bila kujua, aliyepoteza mama, aliyekua bila baba, na ndiye pekee katika hadithi hii asiye na deni la neno wala la kisasi. Wengine wote waliambiwa ukweli na wakapewa nafasi ya kuvunjika nao. Yeye alipewa mume.

Utasema ukweli ungemuua. Pengine. Ila kila mara neno "pengine" linasemwa na mtu mwingine, kamwe si na yeye.

Juzi binamu alinitumia picha ya ile sekunde ya mwisho, ameikuza mdomo wa Dae-su mpaka umekuwa madoadoa, na ujumbe: "Sasa?" Nikaitazama. Mzee kasimamishwa katikati ya kucheka na kulia, theluji nyuma yake, mikono ya msichana imemzunguka. Nikamjibu anitafutie picha moja ya dakika hiyohiyo inayoonyesha uso wa Mi-do. Alitafuta karibu saa nzima. Katika kumbatio lile kamera iko begani mwake, na kinachoonekana cha Mi-do ni kisogo.