Freeza ya samaki ina joto kuliko huku Minneapolis

Mama yangu yuko Makambako na kila nikimpigia simu Januari kutoka huku Marekani swali la kwanza baada ya salamu ya kamwene ni hili, "baridi ya huko inaishinda ya Makete?" Makete, kule Njombe, ndiyo baridi anayoijua yeye. Miaka ya mwanzo nilikuwa nahangaika kumtajia nyuzi, hasi ngapi sijui, anaitikia sawa mwanangu sawa, na mimi naskia kabisa kwamba hajanielewa. Siku moja nikakumbuka freeza ya jirani yake anayeuza samaki. Nikamwambia mama, ile freeza ikifanya kazi vizuri inafika kama hasi 18, sasa huku alfajiri ya kesho wanasema hasi 30, maana yake nikitoka nje nikaingia kwenye ile freeza nikafunga mlango, hapo nimekimbilia kwenye joto. Akanyamaza kidogo. "Na wewe hiyo alfajiri unaenda wapi?"

Kazini mama.

Basi wiki hii tumepewa onyo la baridi kali, lile la daraja la juu, na ukifungua ramani ya mwelekeo wa siku 8 hadi 14 zijazo ukanda wetu wote kuanzia Dakota, Minnesota, Wisconsin mpaka Michigan umepakwa bluu, yaani uwezekano mkubwa wa kuwa chini ya wastani. Mara ya kwanza kuisoma nilicheka peke yangu kwa sababu ni lugha ileile ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, wastani hadi chini ya wastani, wastani hadi juu ya wastani, ile tunayoitaniaga nyumbani kwamba jamaa wamejihami pande zote. Kumbe wenye hela na satelaiti nao wanaongea hivyohivyo, maana hali ya hewa ya wiki mbili mbele hakuna anayeijua kwa uhakika, unapewa uwezekano tu. Na kinachoendesha mara nyingi ni bahari ileile. La Niña, yaani maji ya Pasifiki ya ikweta yakipoa kuliko kawaida, ikikaa, ndugu zetu wa Tanga na Pwani vuli inasuasua na sisi huku kaskazini baridi inaelekea kuongezeka. Ikija El Niño, maji hayo yakipata joto, inageuka, kama 2023, kule mvua zikapitiliza mpaka Desemba tukawalilia watu wa Hanang waliofukiwa na maporomoko ya tope, huku tukapata winta ya joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa hapa mjini. Nilikuwa natembea na sweta Februari naona aibu kufurahi.

Hii baridi yenyewe inatoka ncha ya kaskazini. Kule juu kabisa kuna upepo unaozunguka kama mkanda, ukikaza baridi inabaki kwao huko, ukilegea au ukigawanyika inamwagika kusini kama maji kwenye beseni lililoinamishwa. Januari 2019 ndiyo ilimwagika kweli, tarehe 30 Minneapolis ilifika hasi 33 bila kuhesabu upepo, Chicago hasi 31, hata posta ilisitisha kugawa barua kwenye majimbo kadhaa. Chicago walikuwa wanawasha moto pembeni ya reli ili swichi za treni zisigande. Na kitu kinachowadanganya wageni ni kwamba siku za namna hiyo anga ni jeupe peee, jua linawaka kama la Dodoma, mtu anachungulia dirishani anasema mbona poa, anatoka na kandambili kutupa takataka. Upepo ukikupata kwenye ngozi iliyo wazi dakika 10 zinatosha kugandisha sikio. Nywele za puani ndo zinakupa taarifa kwanza, pumzi moja tu unaziskia zimekakamaa.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua wengine mtabisha. Watu wakitulinganisha na nyumbani wanasema wenzetu wana utabiri wa uhakika, sisi tunabahatisha. Mi naona utabiri hatujapishana sana, tofauti ni kinachotokea baada ya mtu wa hali ya hewa kumaliza kuongea. Hapa tangazo likitoka shule zinafungwa au zinasogeza muda, maktaba na sehemu za kujipasha moto zinafunguliwa kwa wasio na makazi, katikati ya mji kuna madaraja ya vioo yanayounganisha majengo karibu kilomita 15 unatembea bila kugusa nje. Na kuna sheria ya jimbo, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili kampuni haikukatii gesi au umeme wa kupasha nyumba ilimradi umekubaliana nao namna ya kulipa. Hebu fikiria LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ingekuwa na huruma hiyo. LUKU inakata saa nane usiku na haiulizi nje kukoje.

Ila msidhani ni Marekani yote. Februari 2021 Texas walitabiriwa siku kadhaa kabla, kaunti zote 254 za jimbo zikawekewa onyo la dhoruba, hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa. Dallas ikashuka mpaka hasi 19, ambayo sisi huku tunaiita Jumanne ya kawaida tu. Lakini mitambo na mabomba ya gesi hayakuwa yameandaliwa kwa baridi, umeme ukakatika kwenye nyumba zaidi ya milioni nne, na hesabu rasmi ya waliokufa ni 246. Wengine hata sio baridi iliyowaua, walikufa kwa moshi, wamewasha jenereta ndani au gari gereji wapate joto. Nilivyosikia hiyo nikakumbuka Njombe mwezi wa saba, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Hasi 19 ya Texas na nyuzi 3 za Njombe zimeua kwa njia moja.

Na kwetu mkulima wa vuli akiambiwa chini ya wastani afanye nini? Anatakiwa apande mbegu ya muda mfupi, sawa, hiyo mbegu nani kamletea na kwa bei gani. Mama ntilie akiambiwa kesho mvua kubwa asitoke, watoto watakula utabiri? Ndo maana tunawatania TMA, ni rahisi kumcheka anayekuambia jambo ambalo huna la kulifanya.

Sasa nirudi kwangu maana naona nasifia sana huku. Onyo likitoka, wa ofisini wanaambiwa fanyeni kazi nyumbani, wanapiga picha ya kahawa dirishani. Mimi nalea wazee kwenye kituo, meseji yangu inasema njoo, beba na nguo za kulala endapo wa shifti ijayo atashindwa kufika. Silalamiki kwa wazee, huwezi kumwacha bibi wa miaka 90 kitandani ety kuna baridi. Nalalamika kwamba kwenye parkingi alfajiri ile unawaona haohao tu, sisi, Wasomali, Walatino, watu wa usafi, watu wa maghala. Kinga inayofuata utabiri haijatufikia wote sawa.

Mwaka juzi nimetoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, gari likafanya tik tik tik likazima. Simu nayo baridi imemaliza chaji. Nimesimama pale machozi yananata kwenye kope, akaja mama mmoja Msomali na gari lake, kafunika uso wote, anafungua buti anatoa kebo bila kuniuliza jina. Nikashukuru kwa Kiswahili bila kujua, imenitoka tu. Akasimama. "Wewe ni mtu wa Tanzania? Ati mnaongea polepole hivyo hata gari ikikataa?" Kumbe kakulia Eastleigh, mtaa wa Nairobi. Tukabustia betri huku ananifokea kwa Kiswahili cha Nairobi kwamba mtu anayekaa huku bila kebo, bila blanketi kwenye gari na tenki chini ya nusu ni mtu anatafuta kufa. Nilimwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kama niko Makambako. Mafunzo ya winta niliyopewa siku naanza kazi yalikuwa karatasi moja.

Kesho naingia mapema tena. Chini ya nyumba yetu hakuna gereji, kwa hiyo jioni hii nimefanya alivyonielekeza yule mama, nimeichomoa betri nikapanda nayo ngazi, imelala pale pembeni ya hita juu ya gazeti. Mama akipiga ntamwambia mwanao analala na betri ya gari chumbani, na najua atauliza kama Makete nako wameanza.